Siku Mume Wangu Alipokataa Kukojoa Bunda

Mume wangu alishinda pambano lake kubwa mchana kweupe, Bunda, mbele ya umati, halafu ushindi ukataka kumponyoka kwa sababu ya mkojo. Nimewasikia watu wa Mwigobero wakiisimulia habari hii kila mmoja kwa namna yake, na wengi wao siku hiyo hata Bunda hawakufika. Mimi nilikuwepo. Naiandika kama ilivyokuwa, na mwenye simulizi lake aendelee nalo.

Mimi ni fundi cherehani. Kibanda changu kiko Iringo, hapa Musoma, nashona sare za shule, magauni ya kwaya na mapazia ya watu wanaojenga. Mume wangu anapakua mizigo ya boti ufukweni Mwigobero: magunia ya dagaa yanayoshuka, mabati na kreti za soda zinazopanda kwenda vijiji vya ziwani, mara nyingine kitanda kizima cha bibi harusi na godoro lake. Ana shingo nene na maneno machache. Nilipoolewa naye sikujua kuwa naolewa na mpiganaji. Nilijua naolewa na mpakuaji anayependa kushindana mieleka mchangani na wenzake wakati boti zikichelewa.

Baadaye akatokea mtu mmoja aliyewahi kujifunza judo jeshini, akawatazama wakiangushana, akawaambia kuna mchezo unaoruhusu vyote kwa pamoja: ngumi, teke, mieleka, na kumbana mwenzako shingo mpaka aombe basi. Huyo ndiye akawa kocha wao. Walipata stoo ya zamani ya nyavu, wakaifagia, ikabaki na harufu yake ya samaki mpaka leo. Mikeka ya kuangukia niliishona mimi. Nilikusanya magodoro yaliyochakaa, nikayavalisha turubai, nikayashona kwa uzi wa nyavu huku sindano zikikatika moja baada ya nyingine. Sikudai chochote, lakini nililalamika kuanzia godoro la kwanza hadi la mwisho.

Baba yangu hakuupenda mchezo huo, wala mchezaji mwenyewe hakumpenda sana. Baba ni mtu wa Buswahili, huko Butiama. Alifanya kazi ya maabara hospitalini mpaka akastaafu, akarudi kijijini kulima mihogo na kufuga ng'ombe wake. Ni mzee wa kanisa, mtu wa kunyoosha kola kabla ya kusema neno. Kwake yeye, mtu mwenye watoto kuvua shati na kupigana mbele ya waliolipa kiingilio ni kukosa adabu. Hayo hakumwambia mume wangu hata siku moja. Aliniambia mimi. Kila nilipokwenda kusalimia aliniuliza, "Na huyo mpiganaji wenu, bado anapigwaga?" Kama anashinda, hilo hakuuliza.

Lazima nieleze kidogo habari za ukwe wa kwetu. Kwetu mkwe na mkwe wanaheshimiana kwa mwili mzima. Baba yangu akifika kwetu Musoma bila taarifa, mume wangu anakimbilia chumbani kutafuta shati la mikono mirefu, hata kama bati linalia kwa jua. Kule ziwani wanaume wana sehemu yao ya kuoga, na mtu akiona nguo za mkwe wake zimewekwa juu ya jiwe, anageuka na ndoo yake na kurudi alikotoka, anajifanya amesahau sabuni. Wakwe hawataniani. Habari za mwili hawaambiani, hata kuumwa tumbo hawaambiani. Mwenye neno zito kwa mkwe wake anatuma mtu. Na habari za uchi, hizo kati yao hazipo kabisa, hazisemwi wala haziwazwi. Najua wapo wanaotuona washamba kwa hayo, na shauri yao.

Basi likatangazwa pambano la Bunda. Mume wangu angekutana na jamaa mmoja kutoka Mwanza, mrefu, mwenye sifa, na atakayeshinda angeingia kwenye timu ya taifa inayokwenda kucheza nje ya nchi. Kwa mume wangu nje ya nchi maana yake ilikuwa ng'ambo ya ziwa, na hata huko hakuwahi kufika. Kwa sababu ya hiyo timu, tukaambiwa, mshindi atapimwa dawa za kuongeza nguvu. Akishinda halafu akakutwa na dawa, ushindi unafutwa na anafungiwa miaka. Akikataa kupimwa, ni sawasawa na kukutwa nazo.

Kocha alituita wake wa wachezaji stoo akatuonya. Hakuna kumeza kitu chochote ambacho hakijapita kwake. Hakuna mizizi, hakuna vidonge vya kifua, hakuna chupa ya shangazi kutoka kijijini. Mimi niliposikia hivyo nikalifunga jiko langu. Nikapika mwenyewe, ugali wa muhogo na sato wa kuchemsha, na bakuli la jirani halikuvuka mlango. Mama mmoja wa mtaani kwetu alileta uji wa dawa, akasema unajengaga mifupa. Niliupokea kwa mikono miwili, nikamshukuru mpaka akafurahi, nikaumwaga nyuma ya choo. Nilijisikia vibaya kwa muda wa kuosha lile bakuli tu.

Siku yenyewe tulikwenda Bunda kundi zima, mashemeji zangu wote, wapakuaji wenzake na wanakwaya niliowashonea. Kizimba cha kupigania kilikuwa kimechomelewa na fundi wa hapohapo mjini, nguzo za chuma na wavu wa waya, na watu walikuwa wamekwisha kukipa jina la banda la kuku. Niliposikia jina hilo nilichukia. Mume wangu alipoingia, na watu wa Mwanza upande wa pili wakaanza kuigiza sauti za kuku, nilichukia zaidi, nikasimama juu ya benchi na sikukaa tena.

Raundi ya kwanza alipigwa. Siwezi kupamba. Yule wa Mwanza alikuwa na mikono mirefu, akawa anamfikia na yeye hamfikii, pua ikaanza kutoka damu. Nilipiga kelele mpaka mwanakwaya mmoja akanivuta gauni. Raundi ya pili mume wangu aliacha kutafuta uso wa mtu, akainama, akaingia chini ya ile mikono, akamkumbatia kiunoni. Hapo wapakuaji wote walinyamaza, kwa sababu walikijua kinachofuata. Alimnyanyua kama gunia la dagaa linalotoka kwenye boti, akamgeuza begani, akamlaza chini, akazunguka nyuma yake na kuibana shingo. Yule kijana wa watu alivumilia, kwa kweli alivumilia, halafu akapiga mkeka kwa kiganja kuomba basi.

Ukumbi ulipasuka. Nililia, nikacheka, nikampiga shemeji yangu mgongoni kwa ngumi bila sababu. Mume wangu alivikwa mkanda, mwamuzi akamnyanyua mkono, naye akawa anatutazama kwa aibu kana kwamba amevunja kitu cha mtu. Sijawahi kumpenda mtu kama nilivyompenda pale.

Alipotoka kizimbani alipokelewa na daktari wa vipimo, mwanamke aliyetoka Dar es Salaam, mwembamba, mpole, mwenye kitambulisho shingoni. Alimweleza kwamba kuanzia dakika ile asipotee machoni pake mpaka atoe mkojo. Wakaenda vyumba vya nyuma ya ukumbi. Sisi tukabaki nje tunacheza. Mashemeji walininyanyua juu, nikaimba nyimbo za harusi, za kanisani na nyingine za kutunga palepale kuhusu Mwanza, ambazo sitaziandika.

Nilikuwa bado naimba kocha alipokuja kunishika mkono. Uso wake ulikuwa umekauka.

"Njoo uongee na mumeo," alisema. "Anakataa kupimwa."

Nilidhani ananitania. Tulipita uwani, tukaingia kwenye korido ya vile vyumba. Mume wangu alikuwa amekaa kwenye benchi, taulo begani, chupa ya maji mkononi, macho chini. Daktari alikuwa amesimama mbele yake. Alinieleza kwa utaratibu, kwa Kiswahili chao kile kilichonyooka. Kwa kuwa yeye ni mwanamke, alisema, haruhusiwi kumsimamia mwanamume, kwa hiyo ametafuta mwanamume wa huku mwenye ujuzi wa kazi hiyo. Mchezaji anatakiwa apandishe fulana hadi kifuani na kushusha kaptura hadi magotini, na msimamizi aone kwa macho yake mkojo ukitoka mwilini, maana wapo watu wanaoficha mkojo wa wengine kwenye vimfuko. Mume wangu aliingia chumbani, akatoka palepale, akakaa, akasema hatoi. Hajasema sababu.

"Nimempa muda afikiri," daktari alisema. "Sitaki kuandika kwamba amekataa. Lakini nikilazimika, nitaandika, na ushindi utakwenda kwa mwenzake."

Nilimgeukia mume wangu nikiwa nimewaka. Nilimuuliza kama amekula kitu. Alitikisa kichwa. Nilimuuliza kama amemeza kidonge cha mtu, kama kuna mtu amempa kitu stoo, kama ananificha. Alitikisa kichwa.

"Sasa unakataa nini?"

"Nimekataa tu," alisema.

Nilimjua huyu mtu. Nilijua ananiambia kweli kwamba hajala kitu, na nilijua pia kwamba hata akivunjwa meno hataongeza neno. Nikainua macho nimwambie daktari sijui nini, na mlango wa kile chumba ulikuwa wazi. Ndani alisimama mwanamume mwenye koti jeupe, ametupa mgongo, anautazama ukuta. Ule ukuta haukuwa na kitu. Niliitazama ile kola iliyonyooshwa, nikaona ni baba yangu.

Nilikaa kwenye benchi kando ya mume wangu.

Yote nikayaona kwa mara moja. Daktari alikuwa ameomba mtu mstaafu wa maabara, mwanamume, mwaminifu, na kwa upande wetu wa mkoa ukiuliza mtu wa namna hiyo utatajiwa baba yangu. Asingeweza kukaa ukumbini, kumtazama mkwe wake na kaptura fupi, kwa hiyo alikuwa amejifungia chumbani tangu asubuhi, anasikiliza kelele tu. Mume wangu hakujua kama yupo. Alisukuma mlango akiwa na mkanda begani, akakutana uso kwa uso na baba wa mke wake amevaa glovu za maabara.

Na wote wawili wakanyamaza. Hilo ndilo lililonichoma. Mume wangu angeweza kumwambia daktari, huyu ni mkwe wangu. Baba angeweza kusema vilevile. Lakini kusema hivyo mbele ya mwenzako ni kulitaja lile jambo lenyewe, kukiri kwamba mmesimama pamoja kwenye chumba ambacho mmoja wenu anatakiwa avue. Mume wangu aliona heri apoteze ushindi na timu ya taifa. Baba aliona heri autazame ukuta mpaka Bunda nzima iende kulala. Mgeni angeona mpiganaji anayeficha dawa. Mimi niliona wanaume wawili wenye adabu nzuri wanaozama.

Kutoka nje tulisikia watu wa Mwanza wameshapata habari. Walikuwa wanaimba kwamba amekunywa madawa, amekunywa madawa, na mtu alikuwa anapiga debe kufuatisha.

Hapo nikabaki mimi. Nami si kwamba adabu hiyo hainihusu. Mtoto wa kike hasemi habari za mwili wa mumewe mbele ya baba yake, na baba yangu alikuwa hatua chache tu kutoka pale nilipokaa. Nilitamani kumvuta daktari nje nimnong'oneze, lakini asingeweza kumwacha mchezaji bila kumwona, na mume wangu angenifuata wapi na lile taulo. Nikasimama. Nilisema kwa sauti ya kawaida, mlango ukiwa wazi.

"Daktari, yule mzee aliyemo ndani ni baba yangu. Huyu ni mume wangu. Kwetu huyu hawezi kuvua nguo mbele ya yule hata mkimuua. Hajakataa kupimwa. Mletee mtu mwingine, hata sasa hivi, atatoa."

Mume wangu alijifunika uso kwa taulo.

Daktari alinitazama, akamtazama mume wangu, akautazama mgongo wa baba. Niliogopa kwamba atacheka. Hakucheka. Aliuliza kwa upole kwa nini hawakusema, maana hata kwa sheria zao wenyewe mtu wa familia hatakiwi kumsimamia mchezaji, na asubuhi alimuuliza mzee kama kuna jambo lolote la kumzuia kufanya kazi ile, mzee akajibu hakuna. Nilimwambia tu kwamba sisi ndivyo tulivyo, na nikamwomba aharakishe.

Baba alivua glovu, akatoka kwa mlango wa nyuma, akatuzunguka bila kutazama upande wetu. Akaenda zake kwenye kituo cha mabasi na lile koti jeupe mwilini.

Kazi ikawa kumpata mwanamume mwingine. Awe ameelewa kazi, asiwe wa upande wa Mwanza, na asiwe na undugu na sisi. Sharti la mwisho lilitutesa. Mlinzi wa geti alikuwa wa ukoo wa mume wangu. Dereva wa gari la wagonjwa alikuwa amemwoa binti wa mjomba wa mume wangu. Mwalimu wa michezo aliyekuwa anapiga kengele, nikakumbuka, ni shemeji wa dada yangu. Daktari alikuwa ananitazama kana kwamba nawatunga hao ndugu palepale. Mwisho akatajwa muuguzi wa kiume aliyekuwa anashona sikio la yule jamaa wa Mwanza, mtu wa Mbeya aliyehamishiwa Bunda, asiye na ndugu wala shamba mkoa mzima. Nilimwangalia yule mtu akija kwenye korido, nikamshukuru Mungu kwa kuumba Mbeya.

Sasa likaja jingine. Mume wangu alikuwa amejinyima maji siku nzima ya kuamkia kupimwa uzito, ili asizidi kilo zake, na jasho lililobaki alikuwa amelimwaga kizimbani. Mkojo haukuwepo. Alikunywa chupa, akanywa nyingine, muuguzi na daktari wakamtazama, mimi nikamtazama, kocha akatembea korido huku na huku mpaka nikamwambia akae. Nje lile debe liliendelea. Muda ulikwenda mpaka jua likaanza kuingia kwa dirisha la magharibi. Halafu mume wangu akainuka, akamtazama yule muuguzi wa Mbeya ana kwa ana, akasema, "Twende."

Waliporudi, chupa zikafungwa na kutiwa lakiri mbele yetu. Nilitoka nje nikaenda moja kwa moja kwa yule mpiga debe, nikamwambia ametoa. Sijui kama alinielewa, lakini wapakuaji walielewa, na kelele zilizofuata zilimnyamazisha.

Majibu hayakuja upesi. Zile chupa zilikwenda nje ya nchi kabla ya mume wangu, na tukangoja wiki baada ya wiki. Kungoja kule kulikuwa kubaya kuliko pambano. Habari iliyofika Musoma ni kwamba alikataa. Kwamba baadaye alikubali haikusafiri vizuri. Wateja walikuja kibandani kupima gauni na kuniuliza kwa sauti ya msibani baba watoto anaendeleaje. Yule mama wa uji alisimama na majirani kusema kwamba alijua tu, mtu wa kawaida hawezi kunyanyua watu vile. Nilimpita kila siku nikimwitikia salamu yake, na moyoni namtukana. Mume wangu alikwenda Mwigobero, akabeba magunia, akarudi, akala. Nilipomuuliza kwa nini siku ile asininong'oneze hata mimi, alisukuma sahani kando.

"Ningekwambiaje?" alisema. "Mzee alikuwa anasikia."

Baba naye alinyamaza huko Buswahili. Hakupiga simu, nami sikupiga. Nilikuwa na hasira naye na sikujua niipeleke wapi. Lile swali la daktari lilinikaa kichwani: kwa nini alisema hakuna jambo la kumzuia, na jina la mkwe wake lilikuwa kwenye kila bango Bunda nzima?

Majibu yalikuja siku ya soko. Kocha alishuka Mwigobero akikimbia, mtu mzito kama yule, simu juu ya kichwa. Hakuna kitu. Safi kabisa. Mume wangu yuko kwenye timu. Wapakuaji waliacha mizigo, wenye boti wakapiga honi, wauza dagaa wakapiga vigelegele, na mume wangu akabebwa kutoka majini mpaka barabarani na watu ambao kila siku anabeba mizigo pamoja nao. Nilifunga kibanda, nikavaa gauni langu la Pasaka, nikapita mbele ya nyumba ya yule mama wa uji kwa mwendo wa polepole. Nikarudi, nikapita tena.

Jumapili ya wiki hiyo baba alimtuma baba yangu mdogo aje Iringo. Ujumbe ulikuwa mfupi: wakwe waje Buswahili, mbuzi yupo. Tulikwenda na mashemeji, tukapokelewa kwa nyimbo, mume wangu na watu wake wakakaribishwa chini ya turubai, na baba akakaa mlangoni kwake na wazee wenzake, mbali vya kutosha. Walisalimiana kwa kuinama, kila mmoja akitazama viatu vya mwenzake.

Mimi nilikwenda jikoni kwa mama. Nilimkuta anakaanga vitunguu, nikampokea mwiko, nikamuuliza bila kuzunguka kwa nini baba aliikubali kazi ile. Mama alichochea moto kwanza.

"Walimwambiaga wanapima mshindi tu," alisema. "Baba yako akasema basi, yeye hana cha kuogopa. Huyo mkwe atapigwa mapema, atarudi Musoma, hawataonana."

Niliweka mwiko chini. Kwa hiyo hakusahau, wala hakukosea siku. Alikuwa amepiga hesabu zake akaona mume wangu hawezi kushinda, hesabu tu za mtu wa maabara, na kwa hesabu hizo karibu atuue sote. Nilitaka kutoka nikamwambie hayo mbele ya wakwe na wazee wa kanisa. Mama aliniwekea sinia la nyama mikononi, akaniambia nipeleke kabla halijapoa.

Nilikuwa nimefika nalo katikati ya uwanja simu ya baba ilipolia. Baba hasikii vizuri kwenye simu, kwa hiyo ya kwake huwa kwenye spika muda wote, na uwanja mzima ukaisikia ile sauti iliyonyooka ya Dar es Salaam. Alikuwa ni yule daktari. Alimpongeza mzee kwa matokeo. Akasema lipo pambano jingine linakuja, safari hii hapa Musoma, na kwamba mtu anayejua kazi kama yeye hajampata, kwa hiyo anaomba amsaidie tena. Akaongeza kwa upole kwamba anajua mkwe wake naye atacheza, lakini amepangiwa mtu mgumu sana kutoka Arusha, na kama kawaida wanampima mshindi tu, kwa hiyo huenda safari hii wasipate ile shida.

Chini ya turubai watu waliacha kutafuna. Mume wangu alikuwa anaitazama ardhi. Mimi nilisimama na sinia langu, nikamkazia macho baba yangu, na nadhani aliniona.

Alinyoosha kola.

"Daktari," alisema, kwa sauti ile ya watu wasiosikia vizuri, "tafuta mtu mwingine. Mtafute mapema, usingoje siku yenyewe."

"Kwani siku hiyo una shughuli, mzee?"

"Sina shughuli," baba alisema. "Mkwe wangu anashinda."

Akakata simu, akaniuliza mbona nimesimama na nyama ya wakwe inapoa.